Ni Ngapi Sasa?

Mei 2021 nilikuwa nafanya kazi Goma, mashariki mwa Kongo. Mimi ni Chelsea damu tangu shule ya msingi, na mwaka huo tulikuwa tumefika fainali ya Ligi ya Mabingwa. Jumamosi ya tarehe 22 jioni, wiki moja kamili kabla ya mechi, mlima Nyiragongo ukalipuka. Anga likawa jekundu. Lava ilishuka ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 wakafa.

Tukadhani yameisha. Kumbe matetemeko ndiyo yalikuwa yanaanza.

Aliyezoea ardhi tulivu hudhani kinachochosha ni mtikisiko. Hapana. Kinachochosha ni muda wa kati. Unaweka kikombe mezani, unaangalia kama chai inacheza. Lori likipita, moyo unaruka. Unalala na viatu miguuni, mlango hufungi kwa ufunguo. Usiku mmoja nilihesabu mitikisiko hadi kumi na saba, nikaacha. Jirani yangu, mama aliyeona mlipuko wa 2002 ambapo lava ilipita katikati ya mji, aliniambia: "Papa, moto unaona kwenye unatokea. Hii ya chini ndiyo mubaya."

Wataalamu walisema magma imejipenyeza chini ya mji kuelekea Ziwa Kivu, na ziwa hilo limebeba methani na kaboni dayoksidi nyingi huko chini. Watu wa Goma hawahitaji kufundishwa habari ya gesi. Wana neno lao, mazuku: hewa nzito inayotuama mabondeni na kuua mbuzi, hata watu. Kwa hiyo tarehe 27 serikali ilipoagiza mitaa 10 kati ya 18 ihame, hakuna aliyebishana sana. Maelfu kwa maelfu wakatoka, wengine Rutshuru, wengine Gisenyi ng'ambo ya mpaka, wengine Bukavu kwa boti. Sisi tulienda Sake, kama kilomita 25 hivi, godoro likiwa juu ya chukudu.

Jumamosi ya fainali ilitukuta tumelala uani kwa kanisa. Mechi ilikuwa Porto, saa tatu usiku kwetu, saa nne Kenya. Bando sikuwa nalo la kutazama, na chaji ilikuwa inakaribia kwisha. Kaka yangu akiwa Nakuru ndiye alinitumia ujumbe, mstari mmoja mmoja. Vijana wakanizunguka. "Ni ngapi sasa?" Dakika ya 42: Havertz! Tukapiga kelele, mtoto mmoja akaamka akilia, akidhani chini kumetikisika tena. "Lala," mama yake akamwambia, "ni mupira." Ikaisha moja bila, Manchester City wakalala.

Asubuhi mama yangu akapiga simu kutoka nyumbani, kama kila siku ya wiki ile. Hata salamu hakumaliza. "Ni ngapi leo?" Alimaanisha matetemeko. Na hapo nikamwelewa vizuri kuliko wakati wowote. Mimi nilikuwa nimekesha kwa ajili ya watu kumi na moja wasionijua. Yeye alikuwa amekesha kwa ajili yangu, akipata habari vipande vipande, hana la kuokoa, hana la kufanya ila kuuliza tena. Nilizoea kumwambia "usijali, ni kidogo tu". Siku hiyo nikamhesabia moja baada ya nyingine, na saa zake. Akatulia.

Juni tuliruhusiwa kurudi. Ukuta wangu ulikuwa na ufa kutoka dirishani hadi darini. Nilimwambia mama hilo pia. Akacheka kidogo, akanikumbusha kwamba Bonde la Ufa linapita hata kwetu, kwamba Subukia ilitikiswa vibaya 1928, nyanya yake alikuwa akisimulia. Kisha akauliza kama nimepata fundi.