Neno moja la Kiingereza nililolitafsiri vibaya

Leo sikuja na habari ya mkutano wala ya bei ya shaba. Nataka tuzungumze juu ya makosa tunayofanya tunaposema Kiingereza, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita, kampuni moja ilituma watu wake katika kata yetu kueleza namna familia zitakavyohama. Tulikutana kwenye uwanja wa kanisa. Ofisa aliyesema alikuwa mgeni, hakujua Kifaransa wala Kiswahili, na mkalimani wao hakufika siku ile. Chifu wa kata akanitazama: "Mwalimu, si weye unajua Kingereza?" Nikasimama mbele ya watu. Kusema kweli, nilijisikia mkubwa.

Ofisa alisema kuna njia mbili. Anayetaka, achukue feza mara moja na kwenda zake. Asiyetaka feza, angoje nyumba upande mwingine wa mji. Juu ya hao wa kungoja alisema: "They will eventually get a house." Mimi kichwani nikasikia neno la Kifaransa, "éventuellement". Nikawaambia watu: "Hao pengine watapata nyumba."

Kwa Kifaransa "éventuellement" ni pengine, ikitokea hivyo. Kwa Kiingereza "eventually" ni mwishowe, baada ya muda. Yule ofisa alitoa ahadi, na mimi nikaigeuza kuwa labda.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyefanya kazi Gécamines tangu ujana wake, alisikia ile "pengine" yangu akatia sahihi kuchukua feza. Feza zilikwisha kwa kodi ya nyumba na masomo ya watoto. Waliongoja walikaa zaidi ya mwaka, lakini nyumba walipata.

Kosa lenyewe sikulijua hadi siku nilipokuwa Kasumbalesa, nimekaa na dereva mmoja wa Zambia. Alikuwa akisimulia jinsi walivyokwama siku tatu kwenye foleni ya malori, kisha akasema "eventually we crossed". Nikamwuliza: "Kwa hiyo mlivuka au hamkuvuka?" Akacheka. "Tulivuka, ndugu yangu! Si niko hapa?" Mimi sikucheka. Nilimkumbuka jirani yangu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiandika kwenye daftari makosa yetu ya Kiingereza, yangu na ya wanafunzi wangu. Nimeona kwamba mengi yana njia moja. Wazee wetu wa Gécamines walifanya kazi kwa Kifaransa na Kiswahili. Kiingereza kilizidi kuingia huku kwetu baada ya Sheria ya Mine ya 2002 kufungua mlango kwa makampuni ya nje. Kilikuja na mainjinia wa Afrika Kusini, mafundi wa Zambia, na malori yanayobeba shaba hadi bandari za Dar es Salaam na Durban. Mwaka 2022 nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Kiingereza ni lugha ya ofisi. Basi vijana wetu wanajifunza Kiingereza mbio mbio, na wanakifikia kwa kupitia Kifaransa. Kifaransa kinawasaidia sana, lakini pengine kinawadanganya.

Chukueni neno "delay". Kwa Kifaransa "délai" ni muda uliowekwa, kwa mfano siku 30 za kulipa. Kwa Kiingereza "delay" ni kuchelewa. Mama anayetaka kujua atalipwa lini anauliza: "What is the delay?" Mgeni anasikia: "Mbona mmechelewa?" Anakunja uso, na mama hajui amekosa nini. Angeuliza tu "When will you pay?" angejibiwa.

Neno "demand" nalo ni hivyo hivyo. "Je demande" ni naomba. "I demand" ni nataka kwa nguvu, tena sasa hivi. Nimeona barua ya heshima kabisa, yenye salamu na shukrani, inayosema "I demand a job". Aliyeiandika alikuwa kijana mpole. Angeandika "I am applying for a job", barua ingekuwa na upole wake. Na wale wanaosema "I assisted the meeting" wakiwa na maana kwamba walihudhuria, wajue kwamba Kiingereza hakitaki hivyo. "Assist" ni kusaidia. Kuhudhuria ni "attend".

Makosa mengine yanatoka kwenye Kiswahili chetu wenyewe. Sisi tunasema "yeye" kwa mwanaume na kwa mwanamke, na "nyumba yake" haionyeshi ni ya nani kati yao. Kifaransa nacho hakisaidii hapo, kwa sababu "sa maison" inafuata neno nyumba, haifuati mwenye nyumba. Kiingereza ndicho kinachotaka ujue: "his house" ni nyumba ya mwanaume, "her house" ni ya mwanamke. Siku moja nilimwandikia mjane mmoja maelezo yake, nikaandika "his house" mara tatu katika ukurasa mmoja. Mtu wa ofisini aliposoma, akauliza: "Huyo mwanaume yuko wapi? Mbona hakuja yeye?" Mama yule aliijenga nyumba ile kwa mikono yake, kwa biashara ya makala na unga. Herufi chache zilitosha kumpa mume asiyekuwepo.

Kuna kosa la muda. Kwa Kiswahili tunasema "ninaishi hapa tangu 1998", na Kifaransa kinasema vivyo hivyo. Kwa hiyo tunaandika "I live here since 1998". Hilo si kosa kubwa, watakuelewa. Lakini Kiingereza chenyewe ni "I have lived here since 1998", yaani nilianza wakati ule na bado niko. Kosa la hatari ni kusema "I lived here for 20 years". Maana yake ni kwamba uliishi miaka 20, kisha ukaondoka. Kwa mtu anayedai haki ya nyumba anamolala hadi leo, sentensi hiyo imekwisha kumhamisha kabla ya lori kufika.

Kosa la umri wengi mnalijua. "Nina miaka 40", "j'ai 40 ans", basi tunasema "I have 40 years". Waingereza hawana miaka. Wanasema "I am 40 years old". Hapo watu hucheka tu, hakuna anayepoteza kitu.

Lakini kuna kosa moja ambalo sijaliona katika vitabu vya masomoni, nalo ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Ni neno "yes". Mtu akikuuliza kwa Kiswahili, "Hujalipwa?" nawe hujalipwa, unajibu: "Ndiyo." Maana yake ni ndiyo, ni kweli, sijalipwa. Mwingereza akiuliza "You haven't been paid?" ukajibu "Yes", anachanganyikiwa, na mara nyingi anaandika kwamba umelipwa. Kiingereza kinataka ujibu "No, I haven't". Tena sisi tunapomsikiliza mtu mkubwa tunaitikia "ndiyo, ndiyo" kwa heshima, kumwonyesha kwamba tunasikia. Mgeni anahesabu kila "yes" kuwa tumekubali. Kwa hiyo msijibu "yes" peke yake mahali penye karatasi. Jibu sentensi nzima: "I have not been paid." Ukiwa umesikia tu bila kukubali, sema "I understand, but I do not agree." Na usiseme "I am agree", kwa kufuata "je suis d'accord". Ni "I agree", na useme hivyo siku unayokubali kweli.

Sitaki mtu asome haya akaona aibu kufungua kinywa. Anayekosea Kiingereza hapa Kolwezi kwa kawaida anajua lugha tatu au nne, na yule anayemcheka mara nyingi anajua moja. Ila kuna mahali ambapo kosa ni la kuchekesha, na kuna mahali ambapo kosa linakula nyumba. Mahali pa pili, msitegemee Kiingereza cha kukisia, hata kama ni cha mwalimu. Ombeni maneno yaelezwe kwa Kiswahili. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha kwanza, inasema Kifaransa ni lugha rasmi, na inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Mkisema "tuelezeni kwa Kiswahili", hamwombi zawadi.

Nanyi wenzangu mnaosimama katikati kutafsiri, kama neno hulijui, sema silijui. Mwulize aliyesema: "Una maana gani?" Mimi siku ile ningeuliza swali moja tu, "Mwishowe ni lini?", ningepata maana ya neno, na watu wangejua pia kwamba ahadi ile haikuwa na tarehe. Hata aliyetafsiri vizuri angetakiwa kuuliza hivyo.

Niliporudi kutoka Kasumbalesa nilikwenda kwa jirani yangu, kwenye chumba anachopanga sasa. Nilimweleza yote. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Mwalimu, ile siku ulisema labda. Miye na mama ya batoto tuliona afazali tukamate ile feza kuliko kungojea labda." Nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, na hakunifukuza. Alimwita mjukuu wake wa kidato, akamwambia alete daftari. "Umufundishe huyu," akasema. "Lakini umufundishe muzuri."

Mtoto huyo anakuja kwangu kila Jumamosi. Somo letu la kwanza lilikuwa neno "eventually".

Kutoka Kolwezi, ni mimi mwandishi wenu. Kama nanyi mna neno lililowahi kuwaangusha, nileteeni, tuliweke hapa ili wengine walijue.