Pasi Ndani ya Valizi: Kutoka Salamabila Mpaka Ng'ambo ya Ziwa



Salamabila yetu ni mji wa kuja na kwenda. Dhahabu ya Namoya imevuta watu wa Kasongo, wa Fizi, wa Bukavu na wa mbali zaidi, na bidhaa za soko letu zinafuata njia hizohizo. Siku hizi wamama wengi wa vikundi vyetu hawakai tena nyuma ya meza kungoja mzigo. Wanaufuata wenyewe mpaka Baraka, Uvira, Bujumbura na Kigoma, na wachache wanafika Dar es Salaam au Dubai. Wengine wanakwenda kuona ndugu walio kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu. Ndani ya valizi haikosi chaja ya simu, tochi, pasi ndogo, na kwa wenye kutengeneza nywele, vyombo vyao vya kazi.

Tunaandika juu ya vyombo hivyo kwa sababu nyumbani hatuna pa kujifunzia. Hapa kwetu umeme unatoka kwenye pano ya jua juu ya mabati au kwenye jenereta ya jirani. Mtoto wa Salamabila anaweza kumaliza shule ya msingi bila kugusa prizi ya ukutani. Prizi tunaikuta safarini, usiku, tukiwa tumechoka, katika chumba cha wageni tusichokijua.

Njia yenyewe si mpya. Misafara ya karne ya 19 ilitoka Ujiji, ikavuka Tanganyika, ikapita Kabambare mpaka Kasongo na Nyangwe. Ndiyo iliyotuletea hiki Kiswahili tunachoandika. Sisi tunaifuata kinyume: pikipiki mpaka Lulimba, kisha Fizi, kisha kushuka Baraka. Wakati wa mvua kila kitu kinalowa, na ndani ya mtumbwi wa mota maji ya ziwa yanaruka mpaka juu ya mizigo. Funga vyombo vya umeme ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Kilicholowa kisichomekwe siku hiyo, hata kama kwa nje kinaonekana kikavu.

Mpaka Baraka, na hata ukipitia Uvira kwenda Bujumbura, hakuna la kushangaza. Fishi ni ile tunayoijua, ya miguu miwili ya duara, na umeme ni volti 220. Kongo na Burundi zote zilitawaliwa na Wabelgiji, nao walituachia prizi yao pamoja na Kifaransa chao.

Ukivuka ziwa, mambo yanageuka. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia upande wa Kigoma ulichukuliwa na Waingereza, na prizi utakayoikuta ukutani mara nyingi ni ya Kiingereza: matundu matatu bapa, moja juu na mawili chini, na kitufe cha kuwasha pembeni. Tundu la juu ni la waya wa ardhi. Mguu wake kwenye fishi ni mrefu kuliko ile mingine, na ukiingia ndio unaofungua vifuniko vidogo vinavyoziba matundu ya chini. Vifuniko hivyo viliwekwa kwa ajili ya vidole vya watoto na misumari wanayookota.

Sasa, watu wana ujanja wao. Wanachomeka kijiti au kalamu katika tundu la juu, vifuniko vinafunguka, kisha wanalazimisha fishi ya duara iingie chini. Simu inachaji, kila mtu anafurahi. Pengine mwenyeji wako mwenyewe ndiye atakayekuonyesha, tena kwa wema. Sisi tunasema: msifanye. Matundu yale yalitengenezwa kwa miguu bapa, kwa hiyo mguu wa duara unagusa upande mmoja tu. Panapogusa kidogo panapata moto, panatoa cheche, na mwishowe plastiki inayeyuka. Kwa chaja ya simu, ambayo inavuta wati chache, unaweza kupita usiku bila kuona kitu. Kwa pasi ya wati 1000 au birika ya wati 2000 ni jambo jingine kabisa. Na kuna hasara isiyoonekana: fishi ya Kiingereza ina fyuzi ndogo ndani yake, inayokatika waya wa chombo ukizidiwa; yetu haina. Tena pasi ya chuma iliyochomekwa hivyo haipati waya wa ardhi. Waya wa ndani ukigusa chuma, njia ya umeme inakuwa ni mkono wa mama anayepiga pasi. Halafu kuna mtoto anayetazama. Mama ametumia kijiti. Yeye kesho atatumia kijiko.

Dawa yake ni adapta. Ukiwa dukani Kigoma usiulize prizi wala fishi, utatazamwa tu; wao wanasema soketi na plagi. Mwambie unataka adapta ya kutia plagi ya duara kwenye soketi ya matundu matatu. Ishike mkononi, ipime na fishi yako palepale: ikilegea, irudishe. Vile vyepesi vya bei ndogo ni vya simu peke yake. Adapta hiyo moja itakufaa pia Kenya, Uganda, Dubai na Oman, maana prizi zao ni za namna hiyohiyo.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na tunaomba msome polepole. Adapta inabadilisha umbo la fishi tu. Haibadilishi nguvu ya umeme. Nguvu inasomwa kwenye maandishi madogo nyuma ya chombo au kwenye chaja. Ukiona 100-240V, chombo hicho kinakwenda dunia nzima, na chaja nyingi za simu ziko hivyo. Ukiona 220-240V, ni salama Kongo, Burundi, Tanzania, Kenya, Dubai, hata China, almradi fishi iingie vizuri. Ukiona 120V peke yake, weka chini.

Mama mmoja wa kikundi chetu alitumiwa kitana cha umeme na dada yake aliye Marekani. Kule umeme wa nyumbani ni volti 120. Alikitia adapta, akakichomeka, na kabla kichwa cha kwanza hakijachanwa kulikuwa na moshi na harufu ya plastiki chumba kizima. Bahati nzuri hakikuwa bado kwenye nywele za mtu. Tupige hesabu kama darasani: volti zikipanda kutoka 120 hadi 220, nguvu ya chombo cha joto haiongezeki mara mbili, inaongezeka zaidi ya mara tatu. Kitu cha wati 1000 kinataka kuwa cha wati 3300 na zaidi. Waya wake hauwezi. Transfoma ya kushusha umeme ipo, lakini kwa vyombo vya joto inakuwa kubwa na nzito. Wenye ndugu Marekani, waombeni watume chombo kilichoandikwa 100-240V, au watume pesa mnunue huku.

Ndani ya chumba cha wageni tazama prizi kabla ya kuitumia. Yenye doa jeusi, iliyopasuka au inayocheza ukutani, iache, na mwambie mwenye nyumba. Simu isichajiwe chini ya mto wala juu ya godoro karibu na mtoto. Ralonji iliyoviringishwa isibebe pasi. Mikono iwe mikavu, miguu iwe na kandambili. Na mtu akishikwa na umeme, usimshike wewe: zima kwanza kwenye kitufe au kwenye mita, kama huwezi, simama juu ya kitu kikavu umsukume kwa mti mkavu. Asipopumua, piga kelele ya msaada, na anayejua aanze kumsukuma kifua bila kungoja gari. Palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta, kisha apelekwe hospitali hata kama jeraha ni dogo, kwa sababu umeme unaunguza ndani pia.

Wanaopanda ndege: betri ya kuchajia simu inakaa kwenye mkoba wa mkononi, haitiwi katika valizi inayokwenda chini ya ndege. Ya 20,000 mAh inakubaliwa kwa kawaida; iliyozidi wati-saa 100 inataka ruhusa ya shirika la ndege.

Mwisho ni kurudi, na hapa pesa nyingi zinapotea. Dukani Kigoma au Dubai birika inachemsha chai kwa dakika tatu, na mama anaona tayari mahali pake jikoni Salamabila. Birika ile inavuta wati 2000. Betri ya pano zetu ni ya volti 12. Hata pasi ya wati 1000 ingetaka ampea zaidi ya 80 kutoka kwake, na konvertiseri ya wati 300 iliyo katika nyumba nyingi itazima, au itaungua pamoja na nyaya zake. Jenereta ndogo ya butiki nayo itakoroma tu. Pasi ya makaa bado ina kazi kwetu, wala si aibu. Mkitafuta kitu cha kuleta na kuuza, ulizeni vya volti 12: taa, feni ndogo, chaja za simu za kutia kwenye betri. Hivyo havihitaji konvertiseri, na wateja wanaviulizia kila siku ya soko.