Wissa ndani ya ekipe: kumchukua ao kumwacha?

BENI – Ijumaa tarehe 15 Agosti 2025, magharibi, fundi mmoja wa simu katika komine ya Mulekera alikuwa hajafunga kibanda chake. Wateja walikuwa wamekwenda. Alikuwa anaangalia jina moja kwenye simu yake: Yoane Wissa. Liverpool na Bournemouth wangeanza saa tatu usiku, na dakika 90 kabla ya mechi hiyo mchezo hufungwa, hakuna tena kubadilisha. Mega zilikuwa zinaisha, na yeye bado hajaamua.

Vijana wengi wanaujua mchezo huu wa Fantasy Premier League. Kila mtu anapewa milioni 100, si pesa za kweli, ili anunue wachezaji 15 wa ligi kuu ya Uingereza: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3, wasiozidi 3 kutoka klabu moja. Kila wiki wanamletea pointi kufuatana na kazi yao uwanjani. Kucheza ni bure, isipokuwa mega.

Fundi huyo alikimbia Goma pamoja na mama yake na mdogo wake baada ya mji kuanguka mwezi wa Januari. Kule Ndosho walikuwa rafiki wanane katika ligi moja ndogo. Sasa wametawanyika: Beni, Butembo, Bujumbura, Kampala, na wawili walibaki Goma. Hawaweki dau. Lakini mtu akibadilisha ekipe yake, wengine wanaona, na wanajua kwamba yuko mzima.

Wissa alikuwa mzigo mzito kwenye mizani. Upande mmoja, ni mtoto wa Léopards, na msimu uliopita alifunga mabao 19 katika ligi akiwa Brentford. Bao la mshambuliaji ni pointi 4, kwa hiyo mabao peke yake yalileta pointi 76. Upande wa pili, Newcastle walikuwa wanamtaka, mwenyewe alitaka kwenda, na Brentford walikuwa hawajamwachia. Mchezaji wa hivyo anaweza kukaa wiki nyingi nje bila kuumwa hata kidole.

Mdogo wake, mwenye miaka 15, alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja.

«Yaya, chukua Thiago.»

Igor Thiago, Mbrazili wa Brentford hiyohiyo, bei yake ilikuwa chini. Lakini msimu uliopita goti lilimweka nje karibu mwaka mzima, na katika ligi hakufunga hata bao moja.

«Unanitoa kwa mwenye matatizo, unanipeleka kwa mgonjwa?»

«Kama Wissa hachezi, mbele anabaki nani? Si huyo?»

Mama yao alikuwa amepita kuchukua pesa ya unga. Alisikia, akasema mtoto wa kwetu haachwi nje. Fundi akabonyeza jina la Wissa. Ili milioni zitoshe, alijaza benchi na watu wa bei ya chini kabisa, wasiocheza.

Jumapili Brentford walipigwa 3-1 na Nottingham Forest. Wissa hakuwa hata kwenye benchi. Thiago alifunga penalti. Wiki ya pili Wissa hakuonekana, na wiki ya tatu vilevile. Mchezo huu una huruma moja: mchezaji wako asipoingia uwanjani, anayekaa kwenye benchi anachukua nafasi yake mwenyewe. Benchi la fundi lilikuwa majina tu. Kila wiki alikuwa na ruhusa ya kubadilisha mchezaji mmoja bure, lakini hakumtoa Wissa. Aliogopa kumtoa leo, halafu kesho acheze.

Siku hizo mama naye alikuwa anapima jambo. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Kuandikisha kijana Beni ni kutoa minervali, kununua uniforme na madaftari, na kama njia ya Goma ikifunguka kesho yake, pesa imepotea. Tangu Februari alikuwa anasema, «Wiki ijayo tutarudi.» Kijana alikuwa amekosa nusu ya mwaka.

Tarehe 1 Septemba Wissa alikwenda Newcastle, na fundi akaona subira imemlipa. Tarehe 9, kule Kinshasa, Wissa aliifungia Kongo dhidi ya Senegal, ikawa 2-0. Beni ilipiga kelele. Senegal wakarudisha, wakashinda 3-2. Katika mechi hiyohiyo Wissa aliumia goti, akakaa nje miezi karibu mitatu.

Usiku ule fundi alimweleza mdogo wake hesabu yake. Hakukosea kumpenda Wissa. Wissa ni mfungaji, hilo halina ubishi. Alikosea kuweka kila kitu kwa mtu asiye na hakika ya kucheza, na nyuma yake kukawa tupu. Mchezaji wa mashaka anafaa kwa yule ambaye anaweza kumngoja bila kulala njaa.

Mama alikuwa anasikiliza. Hakusema kitu. Kesho yake alitoa faranga alizokuwa anazifunga kwenye kitenge kwa ajili ya safari ya kurudi, akamwandikisha kijana shule. Ufunguo wa nyumba ya Ndosho bado unaning'inia kwenye msumari, juu ya kitanda.

Fundi alimtoa Wissa, akamchukua Thiago, wakati wenzake wengi walikuwa wamekwisha kumchukua. Mwishoni mwa mwezi huo Thiago alifunga mara mbili dhidi ya Manchester United. Katika ligi ya wale wanane, fundi alikuwa bado wa saba.

Mwezi wa Desemba Wissa alirudi uwanjani na jezi ya Newcastle. Mdogo alifika kibandani akitoka shule, mfuko bado mgongoni.

«Yaya, tumrudishe?»

«Tuangalie benchi kwanza.»