Meno Yaliyonifundisha Kuuliza

Meno ya kwanza niliyoyatibu hayakuwa kinywani mwa mtu. Yaling'olewa hospitalini na kwenye zahanati za mjini, yakatufikia wanafunzi yakiwa ndani ya chupa, nasi tukayasimika kwenye plasta, tukayatoboa, tukayaziba na kuyasafisha mizizi mpaka mikono ikazoea. Leo mimi ni daktari wa meno mkoani Arusha. Chupa zile zimebadilisha namna ninavyomtazama mgonjwa, na ndiyo sababu natoa ushuhuda huu.

Mwaka wa kwanza wa mafunzo ya vitendo niliridhika na meno ya plastiki. Ni safi, yote yamefanana, na hakuna wa kumwomba. Lakini plastiki ina ugumu mmoja toka juu hadi chini. Jino la kweli lina enameli, ngumu kuliko mfupa, na ukishaipita unaingia kwenye dentini iliyo laini zaidi. Mkono wenyewe unahisi umevuka mpaka. Plastiki haiozi, wala haina siri. Gego la kwanza la taya la juu mara nyingi huficha mfereji wa nne, mwembamba sana, kwenye mzizi wa mbele ulio upande wa shavu. Ukiuacha bila kuusafisha, mgonjwa anaweza kurudi na maumivu yaleyale. Mfereji huo niliutafuta kwanza katika jino la mtu nisiyemjua, ambaye hangeumia nikikosea. Namshukuru hadi leo.

Kutunza meno hayo ni kazi ya kujali. Jino likikauka hupata nyufa na kuvunjika ovyo linapotobolewa, kwa hiyo lisikae hata siku moja bila unyevu. Unaosha damu, unaondoa mabaki ya nyama, unaliweka kwenye chombo kisichovuja, chenye maji au maji ya chumvi, na alama ya kuonya kwamba ndani kuna kitu kinachoweza kuambukiza. Mwongozo wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti na kuzuia magonjwa, wa mwaka 2003 unataka meno yaliyokusanywa kwa ajili ya mafunzo yatakaswe kwa joto kabla ya mwanafunzi kuyashika. Utafiti uliotegemewa na mwongozo huo ulitumia dakika 40 kwenye otoklevu, yaani mashine ya kutakasa kwa mvuke. Yenye kijazo cha amalgamu hayaingii humo kamwe, kwa kuwa joto hutoa mvuke wa zebaki. Hayo huloweshwa kwenye formalini ya asilimia 10 kwa wiki 2.

Haya yote nilifundishwa vizuri. Mwenye jino ndiye ambaye sikufundishwa habari zake. Kwenye chupa hapakuwa na chochote kilichoonyesha kama aliulizwa.

Baada ya kuanza kazi, bibi mmoja nilimng'oa gego. Kabla hajainuka kitini akaniuliza, "Mjukuu wangu, jino langu linakwenda wapi?"

"Tunaweza kuwapelekea wanafunzi wajifunzie, bibi, ukiridhia."

"Hapana. Nipe nikalizike."

Nikalisafisha, nikampa. Akalifunga kwenye pindo la kanga, akaaga. Alikuwa na haki kabisa. Wengi wetu tuliambiwa utotoni turushe jino juu ya paa. Wapo wanaolizika kwa imani ya dini yao, na wapo wanaohofia lisije likaishia kwa mganga. Hofu hiyo haiondoki kwa kudharauliwa. Huondoka mtu anapoelezwa waziwazi linakokwenda, na kwamba jina lake halitaandamana nalo.

Tangu siku ile nauliza kabla ya sindano ya ganzi, si baada yake. Mtu mwenye mdomo uliokufa ganzi na pamba imejaa hukubali kila kitu kwa kutikisa kichwa, na huko si kuridhia. Jibu naliandika kwenye faili lake. Wengi hukubali, tena kwa moyo mkunjufu, hasa wakisikia kwamba meno yetu ya huku Mlima Meru, yenye madoa ya kahawia kutokana na floridi nyingi majini, ni somo ambalo kiwanda cha plastiki hakilitengenezi.

Wenzangu wa zahanati, wekeni chupa ya maji safi karibu na kiti, na mwulizeni mgonjwa kabla hamjamchoma. Nawe msomaji, ukienda kung'olewa jino, uliza linakokwenda. Ukitaka kuondoka nalo, sema upewe. Ukiridhia kulitoa, sema pia, maana kuna mwanafunzi analihitaji kabla hajagusa kinywa cha mtu.