Ugonjwa wa Watoto

Jumatatu, 11 Agosti 2025, usiku

Nimeruhusiwa. Mkono umevimba pale penye sindano, naandika hivyohivyo.

Ilianza Jumamosi usiku: nyonga, mgongo, halafu kila penye mfupa. Kaka kanipakia kwenye bodaboda, yeye nyuma kanishikilia. Mapokezi: una nini? Selimundu. Kijana wa zamu kanitazama juu mpaka chini. "Na umri huu?" Miaka 29, ndiyo, bado nipo. Nikamtajia dawa inayonituliza na kipimo chake. Uso ukabadilika palepale. Mgonjwa anayejua jina la dawa ya maumivu si mgonjwa, ni teja. Nikapewa panado na benchi.

Alfajiri zamu ikabadilika, akaingia nesi mtu mzima. Hakuuliza umri. "Pole mwanangu, lete mkono."

13 Agosti

Macho bado ya njano. Mteja dukani kauliza kama nimepima homa ya ini. Haya, miwani ya jua tena.

Namkumbuka daktari wangu wa watoto. Alijua damu yangu ikiwa 7 ndiyo hali yangu, hakushtuka. Nilipofika miaka 18 wakasema sasa nenda kwa wakubwa. Kwa wakubwa wapi? Tangu hapo mlango wangu ni wa dharura tu.

17 Agosti

Mzee mmoja wa kundi letu la selimundu la WhatsApp kapiga simu. Ana miaka 51! Anaumwa kidonda cha mguu kisichopona, na bado anatania. "Binti, kliniki haiendwi ukishikwa. Inaendwa ukiwa mzima. Chukua rufaa, nenda Bugando, Mwanza."

Mama anasema kwenda hospitali huumwi ni kutafuta makuu.

19 Agosti

Nimeenda kuomba rufaa. "Sasa hivi unaumwa?" Siumwi. "Sasa rufaa ya nini?"

Nikakaa palepale kitini. Foleni nje inaguna. Mwishowe kaandika, bila kuinua macho. Muhuri umegongwa. Nimeupiga picha, usije ukapotea.

26 Agosti, Mwanza

Tumepita darajani. Zamani hapa Busisi unasubiri kivuko, jua linakuchoma, mifupa inakuchoma. Leo basi halikusimama hata. Daraja lilizinduliwa 19 Juni, siku ya selimundu duniani. Najua halikuwa letu, ila nimejichekea dirishani.

Daktari naona nimemzidi umri. Maswali yake! Umewahi kupata kiharusi? Kubanwa kifua? Nyuma ya jicho umepimwa lini? Sijawahi. Watu wote wanayaona haya macho, hakuna aliyewahi kuchungulia ndani. Akataka na mkojo, aangalie figo.

Kisha akanilaza, akashika goti, akauzungusha mguu taratibu kwenda ndani. Nikapiga yowe. Picha ikatoka: kichwa cha mfupa wa paja kimeanza kufa kwa kukosa damu. Kumbe. Huku nyumbani naambiwa ni uzito wa kazi, fanya mazoezi.

Nimelia chooni. Si kwa huzuni, sijui kwa nini. Labda kwa kuaminiwa.

Usiku, kwa mama mdogo

Haidroksiurea, miligramu 500, kila siku. Kasema inaamsha ile damu ya mtoto wa tumboni, ambayo chembe zake hazipindi kirahisi. Matokeo ni ya miezi, si ya kesho. Damu nipimwe mara kwa mara, maana dawa inaweza kushusha chembe nyeupe. Na nisishike mimba nikiwa naitumia. Nikitaka mtoto, nije tuzungumze kwanza.

Nikamwaza F. wangu. Hajapima selimundu.

30 Agosti

Nimemwambia. "Nipime nini, mimi siumwi." Nikamweleza: unaweza kuwa mzima na umebeba. Ukiwa umebeba, kwangu mimi kila mimba ni nusu kwa nusu.

Kanyamaza. Kisha kauliza kama nimekula.

Hilo ni jibu gani?

2 Septemba

Kidonge hakina ladha. Nilitegemea kichungu, sijui kwa nini.

F. hajapiga.

4 Septemba

Barua niliyopewa kliniki nimeitolea nakala. Moja nyuma ya simu, moja kwa kaka. Kila kitu kimo: damu yake ya kawaida ni 7, akifika na maumivu apewe dawa hii, kiasi hiki, ndani ya nusu saa, akiwa na homa asiachwe kusubiri. Mwisho sahihi, muhuri, namba ya simu ya kliniki.

Nakala ya tatu nimempelekea yule nesi. Kaisoma yote, kidole kwenye mstari. "Hii kule mapokezi wataiheshimu kuliko mdomo wako." Kweli tupu, na inaniudhi.

Halafu kauliza, kuna kijana wodi ya wanaume, mkubwa tu, naye hana kliniki, ampe namba yangu? Ampe. Ila nimemwambia amwandae kwa lile swali: kwani sasa hivi unaumwa? Akae palepale kitini.

F. kapiga saa tatu usiku. Anauliza kupima ni shilingi ngapi.