Faini ya Pauni 100 kwa Kusema Chumba ni Kichafu

Hivi wewe na mwenzi wako mmewahi kulipia chumba, mkafungua mlango, halafu mkabaki mnatazamana tu? Sisi yalitukuta Oktoba 2023, katika mji wa Blackpool, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Na kati ya miji yote duniani, huo ndio mji ambao kulalamikia chumba kuliwahi kumgharimu mgeni pauni 100.

Ngoja nianze na raha kwanza. Tulikuwa tumefikia kwa shemeji yangu, Manchester. Yeye ndiye aliyetulipia usiku mmoja Blackpool, zawadi ya kutimiza miaka mitano ya ndoa. Kwa treni ni kama saa moja na ushee. Kabla hujafika unauona mnara wao, wenye urefu wa mita 158, uliofunguliwa mwaka 1894 kwa kuiga ule wa Eiffel wa Paris. Chini yake kuna ukumbi wa dansi wenye dari ya kunakshiwa, na wazee wanacheza taratibu wameshikana mikono utadhani walioana jana. Ukitoka nje unakutana na Bahari ya Ireland, upepo mkali wa chumvi, gati tatu ndefu zilizojengwa enzi za Malkia Victoria, na tramu zinazopita kando ya ufukwe tangu mwaka 1885.

Usiku ndiyo bomba zaidi. Kila mwaka majira ya joto yakiisha, Blackpool huwasha taa za mapambo kando ya bahari kwa umbali wa karibu kilomita 10. Desturi hiyo ina mizizi yake mwaka 1879. Tulitembea chini ya taa hizo tukila chipsi za moto zenye siki, mkono wa mume wangu ndani ya mfuko wa koti langu. Jamani, nilijisikia mchumba upya.

Kisha tukaenda kulala.

Chumba kilikuwa na harufu ya unyevu. Shuka lilikuwa na nywele za mtu, tena si moja. Chombo cha kupasha chumba joto kilikuwa baridi kama jiwe, na bafuni maji machafu yalikuwa yamesimama. Nikamwangalia mume wangu. Akanipa lile jibu la wanaume wengi wapole:

"Mke wangu, tulale tu. Kesho tunaondoka. Kaka akisikia atajisikia vibaya."

Hapo ndipo nilipoikumbuka habari ya mwaka 2014. Mume na mke walilala usiku mmoja katika hoteli ya bei ya chini humu humu Blackpool, wakalipa pauni 36. Hawakupendezwa, wakaandika kwenye mtandao wa TripAdvisor kwa maneno makali kwamba hoteli ilikuwa chafu na imechoka. Baadaye wakakuta kadi yao ya benki imekatwa pauni 100. Kumbe katika masharti ya hoteli kulikuwa na kifungu kwamba maoni yoyote mabaya yatatozwa hadi kiasi hicho. Yaani faini karibu mara tatu ya bei ya chumba chenyewe! Mambo yakafika kwa maofisa wa serikali za mitaa wanaosimamia haki za wateja, magazeti yakayachukua, na hoteli ikakubali kurudisha fedha na kukifuta kifungu hicho.

Ukiijua historia ya Blackpool, hutashangaa sana. Mji huu ulikuzwa na wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire, waliokuja kwa maelfu katika wiki yao ya likizo. Walilala kwenye nyumba ndogo za wageni zilizoendeshwa na akina mama wenye sheria kali. Mpaka leo Waingereza hutaniana kwamba wengine walikuwa wakitoza hadi chumvi na pilipili ya mezani. Lakini kutoza chumvi ni jambo moja, na kutoza ulimi wa mgeni ni jingine kabisa.

Wala si Blackpool peke yake. Mwaka huohuo wa 2014, nyumba moja ya wageni katika mji wa Hudson, jimbo la New York, ilijulikana kwa sharti linalowahusu maharusi: kila maoni mabaya yatakayoandikwa na mwalikwa wao yatakatwa dola 500 kutoka kwenye fedha walizoweka dhamana. Hebu fikiria, binamu yako aandike kuwa godoro ni gumu, halafu wewe bibi harusi ndiye unayelipa! Habari zilipoenea, watu wa kila pembe wakaishambulia hoteli hiyo mtandaoni, na wenyewe wakasema eti ulikuwa mzaha. Mwaka 2016 Marekani ikapitisha sheria inayobatilisha vifungu vya aina hiyo katika mikataba ya jumla ambayo mteja hupewa bila nafasi ya kujadiliana.

Thailand mambo yalikuwa mazito zaidi. Mwaka 2020 Mmarekani mmoja aliyekuwa akifanya kazi huko alikamatwa na kulala rumande siku mbili baada ya hoteli ya kisiwa cha Koh Chang kumshtaki kwa kuikashifu mtandaoni. Chanzo? Chupa ya jini aliyokuja nayo mwenyewe na ubishi kuhusu ada ya kuinywea hotelini. Aliomba radhi, shauri likaondolewa.

Sasa nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa kitanda kile, nikatoa karatasi ya masharti na kuisoma mpaka mstari wa mwisho. Faini haikuwepo. Lakini bado nilikuwa naogopa kusema. Nikajiuliza, naogopa nini? Naogopa kuonekana mkorofi, kumuudhi shemeji, kuharibu usiku wetu. Ile faini ya pauni 100 ilishafutwa, ila mimi nilikuwa tayari nimejitoza mwenyewe.

Nikashuka mapokezi. Mwenye hoteli alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Nilimweleza bila kupandisha sauti. Alipanda ngazi mwenyewe, akaona, akasimama kimya kidogo, akaomba radhi. Dakika ishirini baadaye tulikuwa kwenye chumba kingine, kikavu, chenye joto, na dirishani tunaziona taa.

Asubuhi, akitumiminia chai, alitueleza ya upande wake. Wapo wageni wanaomtishia kwamba asipowapunguzia bei watamwandika vibaya. Wapo wanaomwandika kwa hasira ya mvua. Neno baya moja linabaki pale hata baada ya chumba kutengenezwa. Nilimwelewa. Mwenye hoteli ndogo naye ana watoto wa kulisha, na mwongo anaweza kumfungia mlango. Ndiyo maana sheria mpya ya Uingereza, iliyoanza kufanya kazi Aprili 2025, inapiga marufuku maoni ya kubuni. Uongo una dawa yake, lakini dawa hiyo haiwezi kuwa kumnyamazisha anayesema kweli.

Tuliporudi Manchester mume wangu alimweleza kaka yake kila kitu. Shemeji alishusha pumzi. Kumbe alikuwa anapanga kuwapeleka wakwe zake hoteli ileile wakati wa Krismasi, na mama mkwe ana pumu! Aliipigia simu siku hiyohiyo kuhakikisha hawapewi chumba chenye unyevu. Mume wangu alinitazama, hakusema kitu. Nilijua ameelewa.

Nami niliandika maoni yangu: chumba cha kwanza kilikuwaje, na mama yule alifanya nini. Yote mawili.

Basi, kabla hamjafunga mabegi:

Soma masharti mpaka mwisho, hasa kama mnalipa kwa kadi au mmeweka dhamana ya harusi. Kifungu cha faini kwa maoni ukikiona, tafuteni pengine.

Sema kwanza, andika baadaye. Nenda mapokezi usiku uleule. Mwenye hoteli hawezi kurekebisha asichokijua.

Piga picha na tunza risiti, kisha andika ulichokiona tu. "Shuka lilikuwa na nywele" ni ukweli unaothibitika. "Hawa ni wezi" ni kesi. Hata hapa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayechapisha taarifa za uongo.

Angalia taarifa ya benki mkisharudi. Mkikuta makato msiyoyajua, wahini benki yenu mapema.

Na mwisho, kwa wewe na mwenzi wako: msizoeane kunyamaza. Anayemeza shuka chafu leo kwa ajili ya amani, kesho atameza kubwa zaidi. Sisi tulilala vizuri usiku ule kwa sababu mmoja wetu alishuka ngazi.