Mambo ya telefone yalipoingia jikoni mwetu

Tangu vakanse ianze wengi wenu mmetuuliza, kwenye kikao cha likelemba na hata njiani tukitoka sokoni, kama yale tunayofanya na watoto siku ya Jumamosi tumeyatoa kweli kwenye telefone. Ndiyo, tumeyatoa huko. Sisi ni mama watatu wa njia moja hapa Kadutu. Tuna watoto kumi na mmoja kati yetu, na telefone moja tu inayoweza kuonyesha video mpaka mwisho bila kuzimika. Kila juma tunachanga franka za kununua mega, tunachagua mambo mawili au matatu, tunayaandika kwenye daftari, kisha tunafunga. Daftari ndilo linaloingia jikoni. Telefone inabaki chumbani, sababu mikono yenye unga na kioo cha telefone havipatani.

Mnajua wenyewe sababu ya kuanza. Vakanse ni miezi miwili, nyumba ni ndogo, na njia yetu ni mteremko mtupu unaopitiwa na pikipiki zinazoshuka kama mawe. Mtoto akikosa kazi ndani, yuko barabarani.

Mchezo wa kwanza ulikuwa ule wa unga na chumvi, ambao wazungu wanaupenda sana. Ni vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi na kikombe kimoja cha maji. Unakanda mpaka linakuwa bonge laini, watoto wanafinyanga wanachotaka, kisha vitu vinakaushwa. Kwenye video walitumia oveni yenye moto mdogo. Sisi tuliviweka juu ya bati kwenye jua, na baada ya siku tatu nne vilikuwa vigumu sawa na biskuti za zamani. Mmoja wetu anafundisha darasa la pili, basi tuliwafanyisha watoto tarakimu kuanzia 0 hadi 9, wakazipaka rangi kwa manjano na kwa maji ya lenga-lenga nyekundu. Zilipendeza. Hata baba wa nyumba moja, ambaye kwanza alinung'unika kwamba unga wa mandazi unachezewa, alichukua ile 7 akaiangalia pande zote.

Lakini tulipokuwa tunakanda, mtoto mmoja wa jirani, ambaye si wa nyumba zetu tatu, alisimama mlangoni akiangalia. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza kwa heshima: "Mama, hii mtapika saa ngapi?"

Hakuna aliyejibu haraka. Tulimwita ndani, tukamtafutia viazi vilivyobaki tangu mchana, akala, kisha naye akafinyanga samaki wake. Hatuwalaumu waliotengeneza ile video. Wako mahali ambapo swali hilo haliulizwi. Hapa kwetu linaulizwa. Mtoto aliyelala bila kula hawezi kuona bonge la unga akafikiri ni mchezo, na mama wa mtoto huyo akisikia kwamba kwa jirani unga unachezewa, atasema nini moyoni? Siku hiyo hiyo tuliamua kwamba vitu vya kuchezea havitatoka tena kwenye kapu la chakula.

Tulirudi kwenye daftari tukatafuta njia nyingine. Karatasi ziko. Madaftari ya mwaka uliopita yanaishia kufungia karanga, nasi tunazo nyingi. Unazichana vipande vidogo, unaziloweka usiku mzima, unazitwanga kidogo na kukamua maji, kisha unachanganya na gundi. Na gundi tumeipika wenyewe: vijiko viwili vya unga wa muhogo ambao umeanza kuvunda na hauliki tena, kikombe kimoja cha maji baridi, unakoroga ukiwa bado baridi ili usifanye madonge, ndipo unaweka kwenye mbabula na kuendelea kukoroga mpaka inakuwa nzito na inang'aa. Inashika karatasi vizuri sana. Kasoro yake ni kwamba haikai. Baada ya siku mbili tatu inanuka, basi pikeni kidogo kidogo. Kwa bonge hilo la karatasi watoto wamefanya bakuli, vichwa vya wadoli, na mtumbwi mmoja ambao ulizama kwenye beseni mara ya kwanza. Wenye mtumbwi walilia, kisha wakaupaka nta ya mshumaa. Sasa unaelea.

Tuje kwenye chakula, sababu huko ndiko mlikouliza zaidi.

Keki ya ndizi imefaulu, na tumeipika mara tano. Taabu ya mapishi ya telefone ni vipimo. Wamarekani wanapima kwa kikombe chao, ambacho ni karibu mililita 240, na moto wanauhesabu kwa digrii zisizo zetu: wakiandika 350, kwa digrii tulizosoma shuleni ni karibu 175. Kwa vyovyote mbabula haina namba. Tunachukua sufuria kubwa, tunaweka mchanga mkavu wa unene wa vidole viwili chini, tunaifunika na kuiacha ipate moto vizuri. Halafu tunaingiza sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, yenye keki. Makala machache chini, makala mengi zaidi juu ya kifuniko. Ukiyaweka mengi chini, keki inaungua tako na juu inabaki uji.

Ndani yake: vikombe viwili vya unga, nusu kikombe cha sukari, ndizi nne ndogo zilizoiva mpaka ganda limeanza kuwa jeusi, mayai mawili, theluthi ya kikombe cha mafuta, kijiko kidogo cha bikarbonate. Video ilidai maziwa fulani ya dukani ambayo hatujawahi kuyaona. Tulipofikiri tukaona ni maziwa yenye uchachu tu, na uchachu ndio unaoamsha bikarbonate ili keki ivimbe. Tukatia nusu kikombe cha mashanza. Keki ilipanda mpaka ikagusa kifuniko. Mashanza ya kwetu, yanayouzwa kwa kopo kila asubuhi na mama wanaoteremka nayo kutoka vijijini!

Keki ya muhogo ni habari nyingine, na tunaomba msome hapa polepole.

Video ilionyesha mama wa Filipino akikuna muhogo mbichi, akiuchanganya na tui la nazi na maziwa mazito ya kopo, kisha moja kwa moja kwenye moto. Rahisi, tamu, na muhogo tunao. Tulikuwa tumekwisha kumenya tatu wakati tate wa watoto, mama mkwe wa mmoja wetu, alipotoka chumbani na fimbo yake akauliza swali moja: "Mihogo hiyo ni ya aina gani?" Tukamwambia imetoka sokoni. Akasema: "Sokoni si jina la muhogo."

Tate hakusoma shule, lakini anajua jambo ambalo video haikutamka. Muhogo mtamu unaweza kuumenya, kuuchemsha na kuula. Muhogo mchungu una sumu, na ndiyo maana mama zetu wanauloweka siku tatu au zaidi mpaka unalainika, kisha wanauanika juani kabla ya kuusaga. Sumu hiyo ni ya jamii ya sianidi. Katika nchi yetu wenyewe, upande wa Kwango, kuna ugonjwa wa miguu uitwao konzo. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938, na jina lenyewe ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka hawezi kutembea sawasawa, na miguu hairudi tena kama zamani. Unashika zaidi watoto na wanawake, hasa nyakati za njaa na ukame, wakati watu wanapofupisha siku za kuloweka sababu tumbo haliwezi kungoja na hakuna nyama wala maharagi ya kusaidia mwili.

Hatusemi kwamba keki moja inaleta konzo. Tunasema kwamba mama wa Filipino anajua muhogo wake, nasi tujue wetu. Tate alikata kila muhogo, akaonja ncha kwa ulimi na kutema. Mmoja aliutupa pembeni bila neno. Iliyobaki tuliichemsha mpaka ikaiva kabisa, tukamwaga yale maji, ndipo tukaiponda na kuifanya keki. Nazi hatukuwa nayo. Tulitia karanga zilizotwangwa. Watoto walimaliza sufuria. Tate alikula kipande kimoja, akasema kinafaa kwa wasio na meno.

Mambo mengine mawili tuliyakataa kabla hata ya kuyaandika. La kwanza ni uji wa mtoto mchanga uliotiwa asali. Mtoto ambaye hajafika mwaka mmoja haruhusiwi asali, hata tone, hata ya kijiji, hata iliyopikwa, sababu inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake halijaweza kuvishinda. Kitinda mimba chetu ana miezi tisa. Uji wake unabaki ule wa mahindi, mtama na soya, na soya yenyewe tunaikaanga kabla ya kuisaga, kisha uji unachemka vizuri.

La pili ni la usafi. Kuna video inayozunguka sana, huenda na ninyi mmeipata: changanya javel na siki, eti choo kitang'aa. Mwenzetu aliyefanya biokemia alishtuka mpaka akasimama. Javel ikikutana na siki, au na maji ya ndimu, inatoa hewa ya klorini. Ndiyo hewa ile ile ambayo Wajerumani waliwapulizia askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Katika choo cha metre moja, kisicho na dirisha, mtoto mwenye pumu anaweza kupoteza pumzi, na kati ya watoto wetu kumi na mmoja, mmoja ana pumu. Javel itumike peke yake na maji. Isichanganywe pia na amonia. Na kama choo chenu kina mkojo mwingi, mwageni maji kwanza, halafu javel baadaye. Hili tunawaomba mlipeleke mbele kwa akina mama wasiosoma gazeti letu, kwa sauti, hata leo jioni.

Gharama? Keki inakula makala, hilo ni kweli, basi tunaipika mara moja kwa mwezi, nyumba tatu kwa mbabula moja, na mtoto yeyote aliye mlangoni anapata kipande. Mchezo wa karatasi hauli kitu. Mega zenyewe tukigawana kwa tatu ni bei ya mandazi machache.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tunaandika mpango wa juma hili. Mmoja wa mabinti, mwenye miaka minane, alikuwa ameketi pembeni na tate. Tulidhani wamelala. Kumbe tate alikuwa anamwonyesha namna ya kusuka mdoli kwa maganda makavu ya mgomba: unaloweka kidogo ili ganda lisikatike, unakunja kichwa, unafunga shingo kwa uzi wa ganda lile lile, kisha unachana sketi kwa kucha. Hakuna gundi, hakuna mkasi, hakuna franka. Binti alituletea mdoli wake akauliza kama mambo haya nayo yako kwenye telefone. Tulimwambia labda hayako. Akasema, basi tumpige video tate, tuiweke, wale mama wa mbali waone.

Tate amekubali, kwa sharti kwamba avae kwanza kikwembe chake cha misa. Tunangoja mega.